Nusu kijiko kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Chake Chake, Pemba, mwenye umri wa miaka 44:

"Asalaam alaykum, na shikamoo mama. Mimi nina duka la nafaka. Nakaa kwenye kiti tangu saa 2 asubuhi mpaka karibu na Magharibi. Mwezi uliopita nilipimwa: sukari kabla ya kula 6.4, presha 138 kwa 88, uzito kilo 92. Daktari kaniambia bado sijawa mgonjwa lakini niko mlangoni, nibadilishe maisha, nirudi baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kuwa nimeshabadilisha mara tatu. Kila baada ya Ramadhani naacha wali, naacha sukari, nakimbia kila alfajiri mpaka Gombani. Wiki ya pili haimalizi, nimeshachoka, narudi kulekule. Mke wangu ananionea huruma, na mie naona huu ni udhaifu wa nafsi. Nianzie wapi safari hii, na nifanye nini nisiishie njiani?"

Waalaykum salaam warahmatullah. Marahaba mwanangu.

Mie si daktari, ni mshauri wa lishe, kwa hivyo mambo ya dawa yabaki kwa daktari wako. Lakini hilo uliloliuliza ndilo nililokaa nalo miaka mingi, na wanaokuja kwangu na swali kama lako ni wengi kuliko unavyodhani. Karibu wote huanza kwa kujilaumu, kama ulivyofanya wewe.

Tuanze na namba zako. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu ana kisukari pale sukari kabla ya kula inapofika milimoli 7.0 kwa lita. Baina ya 6.1 na 6.9 ndio huo mlango aliokutajia daktari. Presha nayo huitwa ya juu kuanzia 140 kwa 90, na wewe uko chini yake kidogo sana. Nakwambia haya usije ukalala ukiwaza, wala usije ukayapuuza. Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa watu 3,234 waliokuwa mlangoni kama wewe, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja walipewa kazi mbili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kwenda mwendo wa haraka haraka dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale walioachwa bila ya kusaidiwa hivyo. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, walipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo zako 92 ni kilo 6 na nusu hivi. Hakuna aliyetakiwa awe mwembamba wala akimbie mpaka Gombani.

Sasa hilo la udhaifu wa nafsi nalikataa, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Mtu anayefunga mwezi mzima, asionje hata tone la maji tangu Alfajiri mpaka Magharibi na huku duka liko wazi na jua linawaka, nafsi yake si dhaifu. Kinachotushinda baada ya Iddi ni kitu chengine. Ndani ya Ramadhani hubadiliki peke yako. Jiko limebadilika, saa za kula zimebadilika, mtaa mzima umebadilika, na adhana inakwambia lini uanze na lini uache. Mwezi wa Mfunguo Mosi ukiandama, nyumba inarudi ilivyokuwa: birika lilelile, sinia lilelile, kiti kilekile cha dukani. Halafu wewe mmoja unataka ubadilike ndani ya nyumba isiyobadilika, tena mambo manne kwa pamoja: wali, sukari, kuamka mapema na kukimbia. Hapo hata mie singefika wiki ya pili.

Kwa hivyo safari hii usibadilishe maisha. Badilisha kikombe cha chai.

Umenieleza pia, kwenye sehemu ya barua yako ambayo sikuinukuu hapo juu, kuwa unakunywa chai vikombe vinne kwa siku, viwili asubuhi, kimoja alasiri dukani, kimoja usiku, na kila kikombe kina sukari "kama vijiko vinne". Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Vikombe vinne vya vijiko vinne ni vijiko 16, yaani gramu 64 za sukari kwa siku, kabla hujagusa andazi wala soda. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu wa kawaida, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na wewe mwanangu umekuwa ukichovya mara nne kwa siku tangu utoto.

Shida ya kwanza utakayoiona ni kuwa hujui kwa hakika unakunywa vijiko vingapi. Majumbani kwetu sukari hutiwa birikani, chai ikichemka na maziwa na iliki, ikaingia kwenye chupa ikiwa tayari tamu. Anayeitia hapimi, anaonja. Kwa hivyo hatua ya mwanzo kabisa ni kumuomba mke wako achemshe chai bila ya sukari, na kopo la sukari liwekwe kwenye mkeka pamoja na vikombe, kila mtu ajitilie. Nimesema kumuomba. Usimuamrishe, maana mwenye jiko ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili, na umwambie na sababu yake. Huenda akahofia wageni wataona chai haina sukari waseme nyumba hii siku hizi kuna uchoyo. Kopo likiwepo mbele ya mgeni, likijaa, hakuna wa kusema neno.

Wiki mbili za mwanzo, tia vijiko vitatu na nusu badala ya vinne. Basi. Usiguse kitu chengine. Wali kula kama kawaida, na Gombani usiende. Wiki mbili zinazofuata vijiko vitatu, kisha viwili na nusu, kisha viwili, kisha kimoja na nusu. Utakuwa umetumia wiki kumi, na vijiko vyako 16 vya siku vimekuwa 6, sawa na gramu 24. Hapo pumzika. Vijiko kumi vilivyoondoka kila siku ni gramu 40, na kwa mwaka ni kilo 14 na nusu za sukari. Wewe unaiuza kwa kilo, hebu zipange mifuko yake juu ya meza ya duka uzitazame.

Najua utasema nusu kijiko ni kitu gani. Ndiyo maana nakichagua, kwa sababu ulimi hautakigundua vizuri, na asiyegundua kuwa amenyimwa hagombi. Ulimi unafundishika. Kwenye chumvi hili limepimwa: watu wakila chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki kadhaa, chakula cha zamani wanakiona kimezidi. Na kwenye utamu huna haja ya kwenda mbali, nenda barazani. Kahawa yetu tunakunywa chungu, haina hata punje ya sukari, na wanaume wa Pemba na Unguja wanaisubiri kwa hamu kila jioni. Mara ya kwanza ulipopewa kile kikombe kidogo ulikunja uso. Leo akitokea mtu akakutilia sukari ndani yake utamrudishia. Ulimi huohuo ndio ninaotaka uufundishe kwenye chai, ila polepole. Mimi mwenyewe nilitumia miezi minne kushuka kutoka vijiko vitatu mpaka kimoja, na leo chai ya vijiko vitatu siimalizi.

Utaniuliza mbona sikuanza na soda, na soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa. Hesabu yako ni sahihi. Lakini soda unaikunywa siku ya joto, siku ya mgeni, haina saa yake. Chai ina nyakati zake kila siku, na tabia hujengwa kwa kurudiwa mahali palepale na wakati uleule. Chai ikishatulia, soda tutaifuata kwa chupa ya maji baridi itakayokaa karibu na mizani, kwa sababu mara nyingi unapoagiza soda dukani huwa ni kiu tu.

Kuhusu muda nataka uwe na subira ya kweli. Watu hupenda kusema siku 21, au siku arubaini. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogo ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha usiku, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona: kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likaanza kujifanya lenyewe. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo ambao hesabu yao ilikwenda mpaka 254. Jambo jepesi lilishika haraka, la mazoezi lilichelewa. Na lile ninalolipenda zaidi ni kuwa siku moja ikimpita mtu, haikuharibu kitu. Wewe ulikuwa ukijihukumu siku ya kumi na nne.

Baada ya wiki mbili za chai, ukiona kopo la sukari limeshazoeleka nyumbani na hakuna anayelizungumza, ongeza jambo la pili huku chai ikiendelea kushuka. Jambo hilo ni miguu yako.

Sitaki ukimbie alfajiri. Kukimbia kunamfaa aliyezoea, na wewe mwenye kilo 92 unayekaa kiti siku nzima magoti yatakulaani. Nataka utembee baada ya kula. Misuli ikifanya kazi inaivuta sukari iliyo kwenye damu na kuitumia, na wakati sukari inapopanda zaidi ni ule baada ya mlo. New Zealand waliwapima wagonjwa 41 wa kisukari na mwaka 2016 wakatoa matokeo: waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo, sukari yao ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo mmoja wakati wowote wa siku. Faida ilionekana zaidi usiku, pale watu walipokula wanga mwingi kisha wakakaa. Hebu niambie, hayo si maisha yetu hasa?

Na saa yake unayo tayari. Ukishasali Magharibi, kula chakula chako cha usiku nyumbani, halafu Isha usiende msikiti wa karibu. Chagua ule ambao kwenda ni dakika kumi kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo, na pikipiki uiache ukumbini. Kwenda kumi, kurudi kumi. Chake Chake ina vilima, na kilima nacho ni mwalimu mzuri kwa moyo, maadamu unaweza kuzungumza unapopanda. Ukiona huwezi kutamka sentensi nzima, punguza. Ukihisi kifua kinabana, simama, na kesho yake umuone daktari. Kikibana na kisiachie, usingoje kesho, nenda hospitali usiku uleule.

Nimeitundika kwenye adhana makusudi. Mtu akisema "nitatembea nikipata nafasi", hapati nafasi. Adhana haikuulizi kama una nafasi, na miaka 30 hivi imeshakuzoesha kuinuka inaposikika. Tabia mpya ikipanda juu ya ile ya zamani yenye mizizi, nayo inashika. Dini yetu yenyewe inatufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo, na mie naona hilo lina nafasi kubwa kwenye afya kuliko tunavyolitumia.

Matembezi ya Isha yakishakuwa mazoea yako, fanya hivyohivyo kwa mlo wa mchana, dakika kumi kabla hujafungua tena duka, hata kwa kuzunguka sokoni kivulini. Halafu baada ya chai ya asubuhi. Dakika 10 mara tatu kwa siku, siku tano za wiki, ni dakika 150 kamili, zile zile za Marekani. Zamani wataalamu walikuwa wakisema matembezi chini ya dakika kumi hayahesabiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, kila harakati inahesabika. Kwa hivyo mchele wa kilo mbili mpimie mteja ukiwa umesimama, na kijana asikuletee kila kitu kitini.

Wali sasa. Vitabu vya lishe vinavyoandikwa kwengine vinakwambia upunguze sahani. Sisi hatuna sahani, tuna sinia, na nyumba yenye watoto watano huwezi kujitenga na chombo chako ukala pembeni kama mgeni. Sitaki ufanye hivyo. Kula pamoja ni neema, na watoto wanajifunza adabu kwenye sinia. Kinachobadilika ni kilichomo siniani. Mke wako anapopima mchele, apunguze kikombe kimoja kwa chungu kizima, na nafasi yake ijazwe na mchicha, au bamia, au mabilingani, au kunde za nazi. Hapa nasema wazi: muhogo, majimbi na ndizi mbichi ni vyakula vyema sana vyetu, lakini usiviongeze juu ya wali ukadhani ni mboga, navyo ni wanga. Kisha wewe binafsi anza na samaki na mboga, matonge kadhaa, ndipo uingie kwenye wali. Aliyetanguliza mboga na kitoweo sukari yake hupanda taratibu zaidi, tena hushiba mapema. Hili lisubiri mpaka mwezi wa pili wa safari yako.

Asubuhi, kama chapati zako ni tatu, ya tatu ibadilishe kwa maharage zaidi. Na pale unapoweza kupata mkate wa mofa wa mtama halisi, usiuache.

Chumvi nitaigusia kwa sababu ya presha yako: isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, ukichanganya yote, ya mchuzi, ya wali, ya achari. Papa mkavu na ng'onda waroweke, maji ya kwanza yamwagwe. Ndimu na pilipili zitaziba pengo. Usingizi nao, ukikaa barazani mpaka saa 6 usiku, kesho yake utatafuta vitu vitamu bila ya kujua kwa nini.

Yatakuja ya kukuvuruga. Msimu wa karafuu duka lako halitalala na wewe hutakula kwa saa. Kutakuwa na harusi, maulidi, safari ya Unguja na boti, na ukifika Forodhani jioni hutapita urojo bila ya kuuonja. Uonje. Nisingependa uwe mtu anayeogopa chakula cha watu. Sharti langu ni moja: siku ikikupita, ya pili yake isikupite. Uliyekunywa chai tamu harusini Jumamosi, Jumapili asubuhi rudi kwenye kiwango chako kilekile, bila ya kujiadhibu kwa kuacha chakula wala kukimbia. Na ukiona kiwango kipya kinakusumbua, kaa nacho wiki mbili zaidi. Kukaa si kurudi nyuma.

Pima uzito mara moja tu kwa wiki, kwenye ile mizani yako ya magunia, Ijumaa asubuhi kabla ya chai, uandike nyuma ya daftari la madeni. Usipime kila siku, maji na chumvi vitakudanganya. Mwezi wako wa kwanza huenda mizani isisogee, usishtuke. Chukua pia futi ya fundi cherehani, zungushia kiuno usawa wa kitovu, maana mara nyingi kiuno hutangulia mizani. Na ukipata mwenzio mmoja wa kwenda naye Isha kwa miguu, ndiyo bora. Sisi tuna bahati ya vikundi vya mazoezi, vile vinavyojitokeza kila tarehe 1 Januari kwa siku ya mazoezi. Ukishazoea mwendo wako, vitakupokea bila ya kukuuliza unakimbia kasi gani.

Miezi mitatu ya daktari isikupite hata ukijiona mzima. Na kabla ya hapo, ukianza kuwa na kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo usiku mara nyingi, au kupungua uzito bila ya sababu, usingoje miadi, wala usingoje barua yangu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiandikiwa dawa, itumie kama ulivyoelekezwa. Matembezi na chai ya kijiko kimoja na nusu vinakwenda sambamba na dawa, havishindani nayo.

Kesho asubuhi, basi, vijiko vitatu na nusu. Mpe salamu zangu mke wako, na umuulize kopo la sukari atalitoa wapi. Ukishapima tena, niandikie namba zote tatu, sukari, presha na uzito, hata kama moja yao haikusogea, tukae tena tuone kipi kifuate.